Kikombe cha Schneider na Kanuni Zake

Mwaka 1912 Mfaransa Jacques Schneider alitoa kikombe kishindaniwe na eropleni zitokazo majini. Rubani hakuweza kujiingiza mwenyewe. Sharti aletwe na chama cha urushaji cha nchi yake. Tena chama kitakachoshinda mara tatu katika miaka mitano kitakuwa na kikombe hicho daima.

Waamerika walishinda mwaka 1923, na mwaka 1924 wao ndio waliokuwa wenyeji. Waitalia wakajitoa, eropleni ya Waingereza ikazama katika majaribio. Waamerika wangeweza kuruka peke yao na kuhesabiwa washindi, lakini waliahirisha mashindano. Mwaka 1925 wakashinda tena. Mwaka 1926 wakashindwa na Waitalia, na kikombe kikawaponyoka.

Waingereza walishinda 1927 na 1929. Mwaka 1931 Wafaransa na Waitalia waliomba siku isogezwe mbele, wasikubaliwe. Waingereza wakaruka peke yao, wakakitwaa kikombe milele. Kanuni haikuvunjwa.

Basi tuwafundishapo vijana michezo, tuwafundishe kanuni. Lakini tusiache kuwasimulia habari za 1924, wajue kwamba si kila kilicho halali lazima kitwaliwe.