Waliotoka na faili zao

Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama ufukweni Asembo Bay, Ziwa Victoria, unaona kama mtaa umejengwa juu ya maji. Ni taa za wavuvi wa omena, yaani dagaa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi nyingi ni za LED na betri. Mvuvi mmoja alinipa yake iliyokufa. Ndani nilikuta bodi ya kijani, ndogo kuliko kiganja, njia za shaba zimeliwa na kutu ya kijani-buluu pale maji yalipopenya. Kuitengeneza ni kazi ya nusu saa. Nilichotaka mimi ni kuchora bodi mpya isiyokufa hivyo.

Bodi huchorwa kwa programu: kwanza saketi kwa alama, kisha vifaa vinapangwa, njia zinavutwa, na mwisho hutoka faili za kupeleka kiwandani. Wengi wetu tulianza na EAGLE ya Wajerumani. Mwaka 2016 ikanunuliwa na Autodesk, mwaka uliofuata ikawa ya kulipia kila mwezi au kila mwaka, na 2023 wakatangaza kwamba Juni 2026 ndiyo mwisho wake. Hakuna mtumiaji aliyeweza kuichukua na kuiendeleza mwenyewe.

Kwenye programu huria mambo ni tofauti. Thomas Nau aliandika programu iitwayo PCB mwaka 1990, kwenye kompyuta ya Atari. Mwaka 1998 Ales Hvezda akaanzisha gEDA, mradi wa zana za kuchora saketi, na hizo mbili zikazoeleka kutumika pamoja. Leseni yao, GPL, inasema chukua, badilisha, gawa, mradi unayempa naye awe na ruhusa hiyohiyo. Haikuahidi kwamba wenye mradi watakusikiliza. Inakuruhusu kuondoka na kila kitu.

Na watu wakaondoka. Mwaka 2013 Tibor Palinkas, maarufu kama Igor2, alijitenga na PCB akaanza pcb-rnd; mwaka 2016 wengine wakatoka gEDA wakaanza Lepton EDA. (Waandishi wa programu husema “kufoku”. Ningependa kuandika “mchepuko”, ila wasomaji wa Tanzania wangecheka.) Mtu wa nje hudhani palikuwa na ugomvi mkubwa. Mara nyingi ni mambo madogo yaliyorundikana: marekebisho yako yanasubiri miezi bila jibu, aliyeshika funguo amechoka au ana kazi nyingine, mnatofautiana juu ya lugha na zana. PCB ilihamia Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo. Pcb-rnd ikatumia nyingine, Subversion. Ukishabeba viraka vyako mwenyewe kila toleo jipya likitoka, hesabu inakuambia uanzishe lako.

Mafundi wa boti ziwani wanalijua hilo. Boti ya Sese, iliyotoka upande wa Uganda, ilichongoka pande zote mbili. Injini ilipokuja, mafundi wakakata tezi ikawa bapa ili injini ipate pa kushika. Hakuna aliyeomba ruhusa.

Mbona basi KiCad, programu nyingine huria ya kuchora bodi iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, haikupasuka vile? Nadhani ni kwa sababu ilipata mikono. CERN, maabara ya fizikia ya Geneva, iliingiza wahandisi wake, wakaleta kivuta-njia kinachosukuma njia nyingine pembeni. Hata Horizon EDA, mradi tofauti kabisa, ulichukua kipande hicho na kukitumia.

Huku kwetu mfano wa karibu uko hospitalini. OpenMRS ilianzishwa 2004, na mizizi yake ni mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliowekwa kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, mwaka 2001. KenyaEMR, mfumo wa Kenya wa kumbukumbu hizo, imejengwa juu ya OpenMRS. Haikulazimika kujitenga, kwa kuwa OpenMRS iliundwa ipokee moduli: unaongeza fomu na ripoti za Kenya bila kugusa kiini. Ingekuwa donge moja lisilo na viungo, naamini tungekuwa na mpasuko wetu.

Bodi ya taa niliichora kwa KiCad. Fundi mmoja wa Kondele, Kisumu, aliniomba faili, akasogeza tundu la skrubu milimita tatu ili bodi iingie kwenye kasha analouza yeye, akanenepesha na njia za shaba. Mabadiliko yake hajanirudishia, nami sijamwuliza.