Ekzosi Mbili: Njia, Midomo na Sailensa

Kakontwe, sehemu ya mji wa Likasi katika eneo la Katanga nchini Kongo, inayojulikana kwa machimbo yake ya mawe ya chokaa, imewapa wanajiolojia istilahi. Wakisema mawe ya chokaa ya Kakontwe hawamaanishi chokaa yoyote, bali tabaka moja mahususi la miamba ya Katanga, lile lile lenye zinki ya Kipushi, ambalo huendelea ng'ambo ya mpaka hadi Zambia. Jina likishatajwa, hakuna haja ya kuuliza ni mwamba upi. Istilahi hutakiwa kufanya kazi hiyo hasa, yaani kumaliza ubishi kabla haujaanza. Hali ni tofauti kwa maneno "ekzosi mbili", yanayotumika pale mwenye pikapu anapotaka gari lake lingurume zaidi. Maneno hayo yamefunga katika kifurushi kimoja vitu vitatu visivyotegemeana: njia ya moshi, mdomo wa kutolea moshi na chombo cha kupunguza sauti. Matokeo yake, mnunuzi hulipia kimoja akitarajia kingine. Ikiwa Kiswahili kitaipa dhana hii jina, basi jina hilo livitenganishe vitu vitatu badala ya kuuhamisha mkanganyiko kutoka lugha moja hadi nyingine.

Tuanze na maneno tuliyo nayo. Ekzosi tumeichukua kwa Kiingereza, na wengine husema bomba la moshi. Kongo, ambako vitabu vya ufundi ni vya Kifaransa, neno ni échappement, lenye maana ya kutoroka. Yote matatu yanazungumzia hewa chafu inayotoka. Hakuna hata moja linalotaja sauti. Sauti ina chombo chake, yaani sailensa, ambayo Wafaransa huiita silencieux, na historia yake ni ya zamani: ndugu wawili wa ukoo wa Reeves, wa Columbus katika jimbo la Indiana, Marekani, walisajili hataza ya chombo cha namna hiyo mwaka 1897. Sailensa hufanya kazi kwa mojawapo ya njia mbili, au kwa zote pamoja. Ya kwanza ni kuyapitisha mawimbi ya sauti katika vyumba vinavyoyarudisha nyuma yagongane na kudhoofishana. Ya pili ni kuyapitisha katika bomba lenye matundu lililozungushiwa nyuzi za kioo zinazoyanyonya. Kwa hiyo anayetaka mngurumo anauliza swali la sailensa, hata kama mdomoni anataja idadi ya mabomba.

Basi ekzosi mbili ni nini hasa? Katika maana yake kamili, ni mfumo ambao kila upande wa injini ya umbo la V una bomba lake, sailensa yake na njia yake hadi nyuma ya gari. Mfumo huo una sababu. Injini ya mipigo minne hulipua kila silinda mara moja katika mizunguko miwili, hivyo V8, yaani injini ya V yenye silinda nane, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa milipuko 200 kwa sekunde, na kila bomba hupokea 100. Katika V8 nyingi za Kimarekani milipuko hiyo haigawanyiki kwa vipindi sawa, kwani kuna wakati silinda mbili za upande mmoja hulipuka mfululizo. Hapo ndipo unapozaliwa ule mngurumo wa kukatikakatika unaopendwa. Sasa tazama pikapu za barabara za migodi ya Katanga. Toyota Hilux ya dizeli ina silinda nne katika mstari mmoja. Land Cruiser ya dizeli ya lita 4.2 ina silinda sita, nazo ni za mstari mmoja. Hata Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye V8 ya dizeli ya lita 4.5 huikusanya hewa ya pande zote mbili katika turbo moja, na baada ya turbo hiyo njia ni moja tu. Kwenye magari haya, fundi anayechomelea bomba la pili huligawa bomba lililokuwa moja. Anaongeza mdomo tu. Njia mbili tangu kwenye injini hazipo.

Mdomo wa pili nao hauna nguvu unayodhaniwa kuwa nayo. Vyanzo viwili vya sauti vinavyolingana, kila kimoja na mngurumo wake, huongeza kiwango kwa takriban desibeli 3, ilhali sikio la binadamu huhitaji takriban desibeli 10 ndipo lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu. Tena hapa chanzo ni kile kile, kimegawanywa tu. Wengine watajibu kwamba mabomba mawili huipa injini pumzi zaidi. Hoja hii ina ukweli wake, maana kupunguza kizuizi baada ya turbo husaidia, lakini kinachohesabiwa ni upana wa njia. Bomba moja lenye kipenyo cha ndani cha milimita 76 lina eneo la milimita mraba zipatazo 4,536. Mawili ya milimita 51 yana 4,086 kwa pamoja. Bomba moja limeyashinda mawili.

Pingamizi zito zaidi ni la lugha: watu wamekwisha kusema "ekzosi mbili", na matumizi huwashinda wanakamati wa istilahi. Ni kweli, na mazungumzo ya mtaani hayahitaji ruhusa ya mtu. Lakini fundi na mteja wanapoandikiana bei, hawako kwenye mazungumzo ya mtaani tena. Wanafunga mkataba, na neno lenye maana tatu huzaa ugomvi. Wapo pia watakaosema kwamba kelele huwaokoa waenda kwa miguu kwenye barabara zenye vumbi. Mdomo wa ekzosi, hata hivyo, hutazama nyuma au ubavuni, ilhali hatari iko mbele, na kwa hatari hiyo gari lina honi. Zaidi ya hayo, Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 1977 ikiitwa Zaire, unataka gari la injini liwe na sailensa inayofanya kazi ipasavyo.

Napendekeza basi majina matatu. Mfumo kamili wa V uitwe ekzosi ya njia mbili. Bomba moja lililogawanywa mwishoni liitwe ekzosi ya midomo miwili. Kinachobadilisha ukali wa sauti kitajwe kwa jina lake, sailensa, pamoja na aina yake: ya vyumba au ya nyuzi. Maneno yote haya mafundi wanayo tayari, kwa hiyo hakuna la kukariri upya. Nawe mwenye pikapu, kabla ya kutoa fedha, muulize fundi mambo matatu: njia ni ngapi kutoka kwenye injini, kipenyo cha ndani ni milimita ngapi, na sailensa itakayobaki ni ya aina gani. Akijibu swali la midomo peke yake, ujue unauziwa pambo.