Gothic: Albamu iliyokataa mbio

Mwishoni mwa mwaka 1990, vijana watano kutoka Halifax, kaskazini mwa Uingereza, waliingia Studio ya Academy katika mji jirani wa Dewsbury kurekodi albamu yao ya pili. Hiyo ni miji ya Yorkshire Magharibi iliyokuzwa na viwanda vya sufu, na kuta zake za mawe ziligeuka nyeusi kwa masizi ya makaa. Bendi yao ilikuwa Paradise Lost, jina walilolitoa kwenye utenzi wa John Milton wa mwaka 1667. Albamu waliiita Gothic.

Wakati huo wenzao wa muziki wa metali walikuwa wanashindana kwa kasi. Napalm Death wa Birmingham walikuwa na wimbo uliokwisha kwa sekunde moja na ushei, na huko Florida, Marekani, bendi za metali ya mauti zilipaa kwa ngoma za mfululizo. Paradise Lost walichukua sauti ya kunguruma ya bendi hizo, wakaifunga kwenye mwendo mzito wa taratibu ulioanzia kwa Black Sabbath, ule unaoitwa metali ya kiama. Mchanganyiko huo walishauonja mwaka 1990 katika albamu ya kwanza, Lost Paradise. Safari hii waliutia huzuni yenye utamu.

Sikiliza magitaa. Aaron Aedy, mpiga ridhimu, anaporomosha sauti nzito kama mawe. Juu yake Gregor Mackintosh hangojei zamu ya solo katikati ya wimbo kama ilivyo desturi. Gita lake linaomboleza karibu muda wote, kama mwimbaji wa pili aliyesimama kando ya Nick Holmes. Ukisikia nyuzi zile, unaijua bendi kabla Holmes hajafungua kinywa. Kwangu mimi, huo ndio uvumbuzi mkubwa wa Gothic, ingawa wengi hutaja kwanza sauti ya kike.

Sauti hiyo ni ya Sarah Marrion. Inasikika mahali pachache tu, lakini inapoibuka juu ya mngurumo wa Holmes, huku ala za okestra zikipita nyuma, wimbo unabadilika sura. Haki itendeke: Celtic Frost wa Uswisi walikwishachanganya metali, okestra na sauti ya mwanamke mwaka 1987. Na Leeds, mji ulio karibu na Halifax, ndiko walikotoka The Sisters of Mercy, bendi ya roki ya gothiki. Paradise Lost walizikutanisha njia hizo mbili.

Albamu ilitolewa Machi 1991 na Peaceville, lebo ndogo ya huko huko Dewsbury. Ina nyimbo 10, na haifiki hata dakika 40. Lebo hiyo hiyo ikawatoa pia My Dying Bride wa Bradford na Anathema wa Liverpool, na mashabiki wakaziita bendi hizo tatu kwa jina la lebo. Baadaye Theatre of Tragedy wa Norway wakaufanya mpambano wa mngurumo wa kiume na sauti laini ya kike kuwa msingi wa muziki wao. Tawi zima likajulikana kama metali ya gothiki, jina lile lile lililokuwa kwenye jalada la vijana wa Halifax.

Kati ya watano wale, aliyeondoka ni mpiga ngoma Matthew Archer. Holmes, Mackintosh, Aedy na mpiga besi Stephen Edmondson bado wanapiga pamoja.