Jino na Sugu: Silaha Mbili za Kutokea Yaini

Mwaka 1841 Johannes Müller, mtaalamu wa anatomia wa Berlin, alichapisha makala kuhusu kitu kidogo kinachochomoza mbele ya taya la juu la viinitete vya nyoka na mijusi. Kifaranga cha kuku nacho kina kichunusi kigumu juu ya ncha ya mdomo, cha kutobolea ganda, ambacho hubanduka siku chache baada ya kuanguliwa. Lakini cha nyoka ni jino halisi, lenye dentini, lililoshikamana na mfupa. Cha kuku, cha kobe na cha mamba ni ngozi iliyokomaa, ugumu wake ni ule wa ukucha. Wajerumani walivitenga kwa majina, kimoja jino la yai, kingine sugu ya yai. Kiingereza kikaviita vyote jino, na mkanganyiko huo ungalipo.

Naamini vitu hivi si ndugu, wala havina umri mmoja. Sugu ndiyo ya kale. Wanayo kasa wanaochimbuka kwenye mchanga wa Mafia na Watamu, wanayo mamba na ndege, na anayo tuatara wa New Zealand. Huyu wa mwisho ndiye shahidi mzito, kwa kuwa hana jamaa aliye hai wa karibu kuliko mijusi na nyoka, na bado ana sugu, jino hana. Basi la mijusi yaelekea lilizuka baada ya koo hizo mbili kuachana, tena bila kuhitaji uhunzi mkubwa: jino la kawaida la mbele liliwahishwa, likaelekezwa nje, likatumika mara moja, likang'oka. Mjusi kafiri, huyuhuyu wa ukutani, anatufunulia lilikotoka. Yeye huanguliwa na mawili, kushoto na kulia, kama meno mengine yanavyojipanga. Kwa nyoka na wengi wa mijusi limebaki moja.

Pingamizi kubwa lilitoka Australia. Mwaka 1884 mwanazoolojia William Caldwell, akitegemea macho na mikono ya wenyeji wa kando ya Mto Burnett, alithibitisha kwamba platipasi, mnyama anayenyonyesha, hutaga mayai. Viinitete vyake vilipochunguzwa vilikutwa na vyote viwili, jino na sugu. Katikati ya karne ya 20 watafiti Hill na de Beer wakaeleza mabaki ya silaha hizo hata kwa viinitete vya wanyama wenye mfuko, ambao hawana ganda la kuvunja. Je, si dalili kwamba babu wa wote alikuwa navyo viwili, kisha kila ukoo ukapoteza kimoja? Yawezekana, ila hesabu yake ni ghali. Kobe na ndege tuwasamehe, maana walipoteza meno yote. Mamba na tuatara wana meno tele; kwa nini walitupe hilo moja tu? Na kufanana kwa mahali si ushahidi wa kutosha: ncha ya taya ndiyo inayogusa ganda kwanza, kwa hiyo jino lolote la kutobolea lingeota papo hapo.

Atatokea wa kusema kwamba kisichohitajika hupotea upesi, hivyo kutokuwapo kwake leo hakutuambii lolote kuhusu jana. Ushahidi unamkatalia. Wapo nyoka wanaozaa watoto hai ambao viinitete vyao vingali na jino hilo, dogo na lisilo na kazi, na wale wenye mfuko wa Australia tumeshawaona. Silaha hizi huondoka polepole, zikiacha alama. Mamba wa Mto Nile huyachukua kinywani mayai yaliyochelewa na kuyabana taratibu kati ya ulimi na kaakaa mpaka ganda lipasuke, na watoto wake bado huzaliwa na sugu.