Gari Linalovuliwa Nguo: Wadi Kabir, Safari Rally na Mikono ya Mafundi

Gari la spoti linapoingizwa gereji ili ligeuzwe gari la mashindano ya uwanjani, kazi ya kwanza ni kutoa. Viti vya abiria vinatoka, mazulia yanatoka, redio na spika zinatoka, pamoja na ile mikeka mizito inayobandikwa sakafuni kupunguza kelele. Mwenzetu mmoja aliyekulia Ruwi, mjini Muscat, anakumbuka kwamba utotoni aliliona gari la namna hiyo katika gereji moja ya Wadi Kabir, akamwuliza babu yake kwa Kiswahili kama limeibiwa. Babu alicheka, akamwambia kwamba gari linavuliwa nguo kwa sababu linakwenda kupigana.

Kisa hicho alitusimulia siku tulipokuwa tukigawana mada za toleo hili, na ndicho kilichotupeleka kwenye swali la makala haya: kazi hiyo ya kuligeuza gari ilikuwa ya nani zamani, na sasa ni ya nani? Walimu wetu waliozoea kutuona na mada za tenzi na ngeli watatuvumilia.

Wadi Kabir, yaani bonde kubwa, ni mtaa wa Muscat uliopo jirani na Ruwi, chini ya vilima vya mawe vilivyo tupu bila jani. Hapo pana gereji, maduka ya spea, mafundi wa bodi na wa rangi. Wengi wa wanaoshika spana ni watu wa India, Pakistan na Bangladesh. Lakini Kiswahili nacho kina wenyewe Muscat. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 watu wengi wenye asili ya Omani waliondoka visiwani, na Sultani Qaboos alipotwaa madaraka Julai 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Waliotoka Zanzibar na pwani yetu walirudi na elimu yao, na lugha yao. Nchi waliyoikuta ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za barabara ya lami. Kwa hiyo mtu aliyeshuka Muscat mwaka ule akiwa kijana wa miaka 20 aliweza kuishuhudia karibu historia yote ya magari ya Omani kwa macho yake, tangu njia za changarawe mpaka barabara kuu za njia nne kila upande.

Huku kwetu historia hiyo ilikuwa imeanza mapema. Mwaka 1953 yalifanyika mashindano ya Coronation Safari, ambayo baadaye yakaitwa East African Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waanzilishi walitaka magari ya kawaida, kama yanavyouzwa dukani, na waliyapanga katika makundi kwa bei yake ya kununulia. Fikra ilikuwa kwamba mwenye gari lake la kwendea kazini alipeleke mashindanoni, atuone sote kama gari lile linafaa kwa barabara zetu. Barabara nazo hazikuwa na huruma. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7.

Katika mpango huo fundi alikuwa mtu mkubwa. Mfano tunaoupenda ni wa mwaka 1965. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyewahi kuwa mhudumu wa barabarani wa chama cha magari, alishinda Safari akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 lililokwisha kutumika: timu ya kiwanda ilikuwa imelileta kwa mashindano ya 1964, likabaki Kenya. Ndugu hao waliliandaa wenyewe. Gari lililoachwa na wenye kiwanda likawashinda wenye viwanda! Joginder alishinda tena 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer.

Volvo lile, hata hivyo, halikuwa gari la spoti. Kwa hilo tuje kwenye Datsun 240Z, gari la milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda sita ya lita 2.4. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa gari hilo, na Shekhar Mehta akawa wa pili kwa gari kama hilohilo. Mwaka huohuo wa 1971, huko Marekani, John Morton alichukua ubingwa wa taifa wa daraja lake katika mbio za uwanjani, akiendesha 240Z lililoandaliwa na timu ya Peter Brock kule California. Alikuwa ameuchukua mwaka 1970 pia.

Hapo ndipo tuliposimama muda mrefu zaidi katika mjadala wetu. Gari ni moja, lakini mafundi wa pande mbili walilivuta kwa kinyume. Wa Safari walilinyanyua, wakalifunga springi ngumu na bamba la chuma chini ya injini ili mawe yasipasue sampu, wakaliongezea taa na tairi za akiba. Likawa zito. Wa uwanjani hulishusha mpaka linakaribia kugusa lami, na kila gramu wanaiona adui.

Mehta mwenyewe alizaliwa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, naye akahamia Kenya. Mwaka uliofuata alishinda Safari kwa 240Z, kwa tofauti isiyoonekana: yeye na Harry Källström walimaliza na pointi sawasawa za adhabu, ushindi akapewa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Tunamtaja kwa sababu Muscat ya miaka hiyohiyo ilikuwa nayo imejaa watu waliopoteza kwao upande huu wa bahari.

Turudi gereji. Gari likishavuliwa, linachomelewa kizimba cha mabomba ya chuma ndani ya bodi, kimlinde dereva likipinduka na kulikaza gari lisijipinde kwenye kona. Kinabaki kiti kimoja, chenye mkanda wa pointi sita. Bushi za mpira za miguuni zinatolewa, zinawekwa ngumu zaidi. Shokapu na springi zinabadilishwa. Breki zinataka pedi na mafuta yanayostahimili moto mkali, kwa sababu breki za barabarani zikikanyagwa mizunguko michache ya uwanjani mafuta yake huchemka na pedali huzama mpaka chini. Kuna swichi ya nje ya kukata umeme, kuna kizimamoto. Kwa Muscat ongeza joto: mchana wa kiangazi hupita nyuzi 40, na injini inayokwenda mbio bila kupumzika inahitaji rejeta kubwa na kipoza mafuta. Ndiyo maana msimu wa mbio katika Ghuba ni wa miezi ya baridi.

Hizi zote ni kazi ambazo fundi hodari wa gereji anaziweza. Ila sheria za mashindano makubwa zimemtoa mlangoni. Daraja la GT3, lililoanza 2006, ndilo linalotawala mbio za magari ya spoti duniani. Gari lazima litokane na gari la barabarani, lakini kiwanda ndicho kinacholijenga likiwa tayari, linasajiliwa na shirikisho la kimataifa, na timu haina ruhusa ya kubadili umbo lililosajiliwa. Fundi wa timu huweza kurekebisha, hawezi kubuni. Mwomani Ahmad Al Harthy, mwenye jina la ukoo ambalo msomaji wa pwani atalitambua mara moja, alichukua ubingwa wa Pro-Am wa Blancpain Endurance Cup mwaka 2017 pamoja na Jonny Adam. Gari lilikuwa Aston Martin Vantage GT3, la timu ya TF Sport ya Uingereza. Mwaka 2024 aliendesha BMW M4 GT3 katika ubingwa wa dunia wa mbio za masafa marefu, pamoja na Valentino Rossi na Maxime Martin. Bendera ya Omani imefika mbali kwa magari hayo. Wadi Kabir haikuwa na mkono ndani yake.

Hatukukubaliana kuhusu jambo hili. Wenzetu wawili walisema ndivyo inavyostahili, kwa kuwa kizimba kilichochomelewa vibaya kinaua, na sheria zimeokoa roho. Sisi wengine tunakubali habari ya roho, lakini tunaona kwamba ndugu wawili wenye gari kuukuu la mtu mwingine wasingepata tena nafasi ya 1965. Kilichobaki kwa fundi ni magari ya wapenzi: kijana ananunua gari la spoti lililochoka, analipeleka gereji, linavuliwa, linachomelewa, linashushwa.

Likiisha, haliruhusiwi barabarani tena. Na kwa kuwa viwanja vikubwa vya jirani viko kwa majirani, Dubai na Bahrain, vyote vilivyofunguliwa mwaka 2004, gari hilo la kasi hupandishwa juu ya trela na kufungwa minyororo. Hukokotwa polepole, kiasi cha kilomita 450 mpaka Dubai, kwenye lami ambayo babu wa mwenzetu hakuikuta alipofika.