Kununua parseli: karatasi gani, avoka gani, na maswali ya kuuliza mbele ya kutoa feza

Huku kwetu mashariki mwa Kongo, mtu anaweza kuweka akiba miaka kumi, akanunua parseli ya mita 15 kwa 20, na siku anapeleka mafundi kuchimba msingi anakuta mwingine ameshamwaga mawe. Wote wawili wako na karatasi yenye sahihi ya shefu wa kartiye. Wote wawili walilipa mtu mmoja. Tangu hapo ni tribinali, na kesi ya udongo inaweza kula feza kuliko bei ya parseli yenyewe.

Mara nyingi chanzo ni kile kile: feza inatoka kwanza, maswali yanakuja nyuma. Hapa tunaeleza namna ya kugeuza hiyo desturi: nani anafanya kazi gani, avoka unamchagua namna gani, na sheria inajibu nini.

UDONGO NI WA NANI?

Sheria ya msingi ni ile ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Leta peke yake, na hauuzwi. Kile tunaita «kununua parseli» ni kununua nyumba ao vitu vilivyo juu yake, pamoja na haki ya kutumia udongo ambayo Leta ilimpa muuzaji. Hiyo haki inaitwa konsesio. Njo maana swali la kwanza siyo «bei ni ngapi?» Ni hili: «Leta ilikupa haki gani, na karatasi yake iko wapi?»

Konsesio ziko aina mbili. Ile ya milele inapewa Mkongomani tu, tena mtu binafsi. Ile ya kawaida ni ya muda, kwa kawaida hadi miaka 25, na muda unaweza kuongezwa. Hiyo njo inapewa wageni na makampuni.

KARATASI TATU, NGUVU TATU

Ya kwanza ni fishi ya parseli ao atestasio ya kartiye. Inaonyesha kwamba viongozi wa karibu wanakujua pale. Ni ushuhuda mzuri, lakini siyo haki ya mwisho. Watu wengi wanasimama hapo wakifikiri wamemaliza.

Ya pili ni kontra ya lokasio, kati ya mtu na Leta. Haizidi miaka 3. Ni muda wa kujenga na kuonyesha kwamba unatumia mahali. Ukikaa bila kufanya kitu, Leta inaweza kurudisha parseli yake. Kwa hiyo, kama muuzaji anakuonyesha kontra, angalia tarehe: pengine imeshakufa zamani.

Ya tatu njo ya nguvu: ile yenye jina «certificat d'enregistrement». Kifungu cha 219 kinasema haki ya kutumia udongo inasimama kisheria kwa karatasi hiyo tu. Juu yake kuna namba mbili za kushika sana: volume na folio. Hizo njo zinaonyesha ukurasa wa parseli yako katika kitabu cha ofisi.

NANI ANAFANYA NINI?

Katika inchi zingine mtu mmoja wa sheria anasimamia mauzo yote. Kwetu kazi imegawanywa, na hakuna anayeweza kumaliza yote peke yake.

Shefu wa avenyi na shefu wa kartiye wanajua historia: nani alikaa pale, nani anagombana na nani. Waulize, na uulize pia majirani wa pande zote nne. Jirani hapati komisio, kwa hiyo hana sababu ya kukuficha.

Jeometre wa kadastri anapima na kuhakikisha mipaka. Asipime tu kwenye mchoro wa ofisi; mwambie afike pale na wewe ukiwa pale. Goma wanajua umuhimu wake: volkano ya Nyiragongo ilipofunika kartiye mwaka 2002, na tena 2021, alama nyingi za mipaka zilipotea chini ya mawe. Vipimo vilivyoandikwa vizuri njo vinasaidia kupata mahali palipofunikwa.

Konservateri wa title za udongo (kuna ofisi Bukavu, Uvira, Goma, Bunia na kwingine) anachunga kitabu. Kwake unahakikisha kama sertifika ni ya kweli, iko kwa jina la nani, na kama banki ao mtu mwingine ameweka deni juu yake. Kwake pia jina linabadilishwa. Bila kubadilisha jina, mbele ya sheria parseli bado ni ya yule wa kwanza.

Notere anahakikisha mkataba. Mkataba wa mkono kwa mkono, wenye mashahidi wawili na chupa za bia, hautoshi kubadilisha jina. Lazima mkataba upitie kwa notere ao kwa konservateri.

Komisioneri anatafuta mnunuzi, basi. Analipwa mauzo yakifanyika. Usitegemee akuambie ubaya wa parseli.

AVOKA: UNAMCHAGUA NAMNA GANI?

Sheria hailazimishi uwe na avoka kwa kununua. Lakini kama hujui kusoma makaratasi ya kifaransa, kama parseli ni ya urithi, ao kama unaweka feza yako yote, inafaa kumlipa mtu anayefanya kazi kwa ajili yako tu. Angalia mambo haya:

1. Awe kwenye jedwali ya baro. Kila avoka ameandikwa kwenye baro iliyo karibu na Kuru d'apeli. Ofisi ya batonye inaweza kukujibu kama jina lipo. Stajiere naye yuko kwenye liste, chini ya avoka mkubwa. Pia wako ma-defanseri wa mbele ya tribinali; hao wako na liste yao. Mtu anayejiita «metre» lakini hayuko popote, mwache.

2. Asiwe avoka wa muuzaji. Kama muuzaji anasema «usijisumbue, avoka wangu atatuandikia sisi wote», asante, lakini tafuta wako. Mtu mmoja hawezi kuchunga mifuko miwili inayopingana.

3. Bei iandikwe. Tenganisha malipo ya kazi yake na feza za ofisi. Feza za Leta zinalipwa banki kwa karatasi ya DGRAD, na risiti inabaki kwako.

4. Aende mwenyewe kwa konservateri, kisha akupe jibu kwa maandishi. «Nimeuliza, iko sawa» siyo jibu.

5. Ogopa haraka. Anayesema «pale kadastri niko na ndugu, kesho tutakuwa tumemaliza» anakuuzia njia ya mlango wa nyuma. Karatasi iliyopita mlango wa nyuma inaweza kutoka kwa mlango ule ule.

Asiye na uwezo anaweza kuuliza kwenye baro biro ya konsiltasio za bure. Iliwekwa kwa watu wa namna hiyo.

MASWALI AMBAYO WATU WANAULIZA

Baba anaweza kuuza peke yake? Hapana. Kodi ya familia inataka mume na bibi wote wawili wakubali, hata kama parseli iko kwa jina la mmoja. Mama asipoweka sahihi, anaweza kwenda tribinali kuomba mauzo yavunjwe. Omba akte ya ndoa.

Parseli ya marehemu? Watoto wote ni waritani wa kwanza, wavulana kwa wasichana, pamoja na wale wa inje ya ndoa ambao baba aliwatambua. Wanapata robo tatu ya mali. Mjane na ndugu wa marehemu nao wako na sehemu. Kaka mkubwa hawezi kuuza peke yake. Omba karatasi ya baraza la familia yenye sahihi za waritani wote, na uulize: dada aliyeolewa mbali amejua?

Muuzaji anasema mwenyewe yuko Ulaya? Omba prokurasio iliyo wazi: inataja parseli ile, inaruhusu kuuza, na imehakikishwa. Kisha zungumza na mwenyewe kwa video, ukitumia namba uliyopata kwa watu wa familia, siyo ile uliyopewa na muuzaji.

Ndugu yetu wa diaspora anaweza kununua? Katiba inasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauunganishwi na mwingine. Aliyechukua uraia wa inchi nyingine asione konsesio ya milele kama jambo lililopita tayari. Aulize avoka kwanza.

Na udongo wa mila? Katiba, kifungu cha 34, inalinda pia mali iliyopatikana kufuata desturi. Lakini sheria ya 1973, kifungu cha 389, iliahidi ordonanse ya rais kupanga haki hizo, na haikutoka. Kwa hiyo uliza haki ni ya namna gani. Kule Bushi, aliyetoa kalinzi kwa mwami yuko na haki inayorithiwa. Mwenye bwasa analima kwa muda tu, hana cha kukuuzia. Kesi za udongo wa mila zinaanzia tribinali ya pe. Zile za sertifika zinaenda tribinali ya grande instanse.

Nimeuziwa parseli ya mwingine? Ni kosa la jinai, linaitwa stelyona. Peleka mashitaka mapema. Lakini ujue: muuzaji kwenda gereza hakurudishi feza yako peke yake. Lazima uombe pia malipo ya hasara.

Tukikimbia vita? Piga picha za kila karatasi, tuma kwa mtu wa mbali unayemwamini, na andika volume na folio mahali pengine. Sertifika ikichomeka ndani ya nyumba, zile namba njo zitakusaidia kuitafuta katika kitabu.

MFUATANO WA KUSHIKA

Majirani na kartiye kwanza. Kisha konservateri. Kisha jeometre, wewe ukiwa pale. Kisha mkataba mbele ya notere ao konservateri. Feza hapo, tena kwa banki ama mbele ya mashahidi, na risiti. Mwisho, kubadilisha jina, bila kungoja mwaka ujao.

Muuzaji akisema mwingine anakuja jioni na feza taslimu, mwache aje. Parseli nzuri haiogopi siku mbili za kuuliza.