Fomu iliyobandikwa mlangoni

Mwaka 2007 Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kenya, alimtangaza Rais Kibaki mshindi wa uchaguzi wa urais, kisha akakiri hajui kama kweli alishinda. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata. Shaka ya Wakenya ina mizizi, nami siibezi.

Katika uchaguzi wa mwaka 2022 nilikuwa karani katika kituo cha kupigia kura. Tulihesabu usiku kwa taa ya betri, kila kura ikiinuliwa mawakala wa wagombea waione. Wakatia sahihi Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo. Nakala ikabandikwa mlangoni, picha yake ikawekwa mtandaoni kila mtu aione. Hata hivyo, makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi waliyakana matokeo ya urais. Mahakama ya Juu iliyathibitisha tarehe 5 Septemba.

Jirani yangu bado alikuwa na shaka, nikamwonyesha fomu yetu. Aliikagua sahihi kwa sahihi, akasema hii ni halali, za kwingine ndizo zilizochezewa. Iliniuma sana: za kwingine zilijazwa na makarani kama mimi.